Mizani ya Ligi za Ulaya: Nani Mzito, Nani Mwepesi?

Baraza iliyo mbele ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, haikosi watu baada ya sala ya isha. Muuza kahawa hupita na dele lake, vikombe vikilia mkononi, na mazungumzo hayaendi mbali kabla hayajaingia katika kandanda ya Ulaya. Huyu asema hakuna ligi mfano wa ile ya Uingereza. Yule aapa kuwa Uhispania ndiyo mama wa mpira. Na mzee mmoja, baharia wa zamani, hakubali kusikia lolote lisilokuwa la Italia. Miaka mingi nimekaa nikiwasikiliza na kutabasamu, kwani kazi yangu ni mashairi na magazeti, si gozi. Lakini yaliyotufika mwaka 2025 yamenifanya nishike kalamu.

Kijana wa ndugu yangu huendesha tuktuk aliyoichukua kwa mkopo. Aprili mwaka huo, Arsenal ya London iliilaza Real Madrid mabao 3-0 nyumbani, kisha ikaifuata kwao na kuipiga 2-1. Kijana akakaa akapiga hesabu: aliyemshinda bingwa wa mara 15, ni nani atakayemzuia? Na aliyekuwa mbele yake ni Paris Saint-Germain, klabu ya Ufaransa, nchi ambayo ligi yake vijana huidhihaki kwa kuiita "ligi ya wakulima". Basi fedha zote alizoziweka kwa rejesho la tuktuk akazitia katika kamari ya simu, kwamba Arsenal itaingia fainali. Tarehe 29 Aprili PSG ikashinda 1-0 mjini London. Tarehe 7 Mei ikashinda tena 2-1 mjini Paris. Wiki ya pili wenye mkopo wakaja kuichukua tuktuk yao.

Alinijia jioni, amekaa ukingoni mwa kitanda, hataki hata chai. Akaniuliza, "Ami, mimi sikubahatisha. Nilifuata akili. Ligi ya Uingereza si ina nguvu kuliko ya Ufaransa?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilimwambia angoje. Sisi washairi neno mizani twalijua kwa maana mbili: ile ya dukani, na ile ya kuhesabu silabi katika mshororo. Kwa zote mbili kanuni ni moja, usiseme kitu kimetimia kabla hujakihesabu. Na haya, msomaji mpendwa, ndiyo niliyoyahesabu.

UGOMVI WA ZAMANI

Kwanza, ugomvi huu si wa baraza zetu peke yake. Kombe la Ulaya lenyewe lilizaliwa kwa ugomvi kama huu. Mwezi wa Desemba 1954 klabu ya Wolverhampton ya Uingereza iliishinda Honvéd ya Hungaria 3-2, na magazeti ya Uingereza yakatangaza kuwa bingwa wa dunia amepatikana. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mfaransa mmoja, Gabriel Hanot, mwandishi wa gazeti la L'Équipe, hakuridhika. Alisema yafaa mabingwa wa nchi wakutane nyumbani na ugenini, ndipo ijulikane. Mashindano yakaanza mwaka 1955. Chelsea, waliokuwa mabingwa wa Uingereza, walishauriwa na wakuu wa ligi yao wasiingie, nao wakatii. Real Madrid waliingia, wakalitwaa kombe mara tano mfululizo, toka 1956 hadi 1960.

Ukiyahesabu makombe hayo ya wanaume hadi fainali ya 2025, yamefika 70. Uhispania ina 20, Uingereza 15, Italia 12, Ujerumani 8, Uholanzi 6, Ureno 4, Ufaransa 2. Na Scotland, Rumania na Yugoslavia ya zamani lilipata kila mmoja moja. Hapo rafiki wa Uhispania atapiga makofi na kuagiza kahawa nyingine.

Lakini angoje kidogo. Makombe yale 20 yamechukuliwa na vilabu viwili tu: Real Madrid 15 na Barcelona 5. Yale 15 ya Uingereza yamegawanywa na vilabu sita: Liverpool 6, Manchester United 3, Nottingham Forest 2, Chelsea 2, Aston Villa 1 na Manchester City 1. Je, tukisema ligi, twasema nani? Wahenga walinena kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba yenye wana wawili matajiri na kumi mafukara haiitwi nyumba ya matajiri.

Hata hivyo, tusimdhulumu Mhispania. Ukishuka katika kombe la pili, hilo liitwalo sasa Ligi ya Europa, utawakuta Sevilla wamelitwaa mara saba, na Valencia na Atlético Madrid nao wamo. Mwaka 2021 Villarreal, klabu ya mji wa watu wapatao elfu hamsini, iliishinda Manchester United kwa penalti 11-10. Toka 2014 hadi 2018 makombe haya mawili yalichezewa mara kumi, na mara tisa yalikwenda Uhispania. Tena toka 2002 hadi 2024, hakuna klabu ya Uhispania iliyofika fainali ya Ligi ya Mabingwa au ya Europa ikafungwa na klabu isiyokuwa ya Uhispania. Hilo si jambo la wawili peke yao.

HESABU YA WENYEWE

Shirikisho la Ulaya, UEFA, lina kipimo chake, na kwa maoni yangu ndicho kinachokaribia haki, kwa sababu hakitazami fainali tu. Kila klabu ikishinda mechi, nchi yake hupata alama mbili. Ikitoka sare, alama moja. Katika raundi za mchujo ni nusu yake. Na kuna nyongeza kwa wanaofika mbali. Halafu alama zote hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya vilabu ambavyo nchi hiyo ilipeleka mwaka ule. Mwisho hujumlishwa miaka mitano.

Siri imo katika kule kugawanya. Tuseme nchi moja imepeleka vilabu saba, vikakusanya alama 140; itaandikiwa 20. Nyingine imepeleka vinne tu, vikapata 88. Itaandikiwa 22, nayo ndiyo iliyo mbele. Klabu dhaifu iliyotolewa mapema huwapunguzia wenzake wote. Kipimo hiki chauliza, "Mtoto wenu wa mwisho naye ana nguvu gani?"

Na cheo hiki si cha fahari tupu. Tangu msimu wa 2024-25, Ligi ya Mabingwa ilipopanuliwa kuwa na timu 36, nchi mbili zilizofanya vizuri zaidi msimu uliotangulia hupewa nafasi ya ziada. Italia na Ujerumani zilikuwa za kwanza kuipata. Msimu uliofuata zikaipata Uingereza na Uhispania.

Sasa tazama mwaka 2025. Tottenham walimaliza ligi ya Uingereza nafasi ya 17, nafasi moja tu juu ya wanaoshushwa daraja. Manchester United walikuwa wa 15. Na hao ndio waliokutana katika fainali ya Ligi ya Europa mjini Bilbao, Tottenham wakashinda 1-0! Mpenzi wa Uingereza atasema, "Mwaona? Wa mwisho wetu ndiye wa kwanza kwenu." Mpinzani wake atajibu, "Kombe ambalo wa 17 aweza kulitwaa, si mizani ya kupimia ligi." Niliwasikia wote wawili barazani, na kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli.

UKUBWA HUHAMA

Baharia wetu wa Italia naye tusimsahau. Katika fainali kumi za 1989 hadi 1998, tisa zilikuwa na klabu ya Italia. Mwaka 1990 makombe yote matatu ya Ulaya yalikwenda kwao: Milan, Sampdoria na Juventus. Waitalia walikuwa wameufungua tena mlango kwa wachezaji wa kigeni mwaka 1980, na fedha zao zikawavuta wakubwa wa dunia; Maradona alihamia Napoli mwaka 1984.

Na Uingereza kabla ya hapo? Ilikuwa imelitwaa Kombe la Mabingwa mara sita mfululizo, toka 1977 hadi 1982. Kisha ikaja jioni ya tarehe 29 Mei 1985 katika uwanja wa Heysel, Brussels, walipofariki watu 39 kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Vilabu vya Uingereza vikafungiwa miaka mitano, na Liverpool mwaka mmoja zaidi. Nilikuwa kijana wa madrasa nilipoisikia habari ile redioni, na nakumbuka wakubwa walivyonyamaza.

Mwezi wa Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ikatoa hukumu ya Bosman, iliyompa mchezaji uhuru wa kuhama mkataba wake ukiisha na kuvunja ukomo wa wageni kutoka nchi za Umoja wa Ulaya. Ajax ya Uholanzi, mabingwa wa mwaka ule ule, wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Tangu hapo nguvu ya ligi imeandamana na mfuko wake, na fedha za televisheni zimeupa mfuko wa Uingereza uzito kuliko mingine.

Lakini fedha nazo hazikai katika ligi tu. Hukaa pia katika klabu. PSG ilinunuliwa na Waqatar mwaka 2011. Ligi ya Ufaransa haikuwa nzito kama ya Uingereza mwaka 2025, hilo kijana wangu alilisema kweli. Ila PSG katika msimu ule mmoja iliishinda Manchester City 4-2, ikaitoa Liverpool kwa penalti, ikaitoa Aston Villa, ikaitoa Arsenal. Kisha mjini Munich ikaifunga Inter mabao 5-0. Waingereza wanne walipita mikononi mwa "mkulima" mmoja.

JIBU LANGU

Nilimwita kijana nikamwambia: "Mwanangu, hesabu yako ilikuwa na kosa moja. Ulichukua uzito wa gunia zima ukautwika punje moja. Ligi hupimwa kwa vilabu vingi, mechi nyingi na miaka mingi. Mechi mbili za watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja hazina deni kwa wastani wa miaka mitano."

Akauliza, "Kwa hivyo, ami, hata ningejua haya yote, nisingejua nani atashinda?"

"Usingejua," nikamjibu. "Na anayekuuzia kamari alijua kuwa hujui."

Hakusema neno. Sasa aendesha tuktuk ya mtu mwingine, kwa hesabu ya kila jioni, na sisi wazee wake twamsaidia kulipa kilichobaki cha deni. Barazani bado hufika, na bado ni wa Arsenal. Wao nao wanaendelea kubishana, nami sitaki wakome, maana ubishi wa kandanda ni utamu wa kahawa mradi usivuke kikombe. Nimewapa huu ubeti mmoja waukae:

Mpimaji wa mpira, shika mizani sawia,
Usipime kwa hasira, wala jina kusikia,
Kombe moja si ishara, ligi nzima kusifia,
Na gozi ni la duara, popote hukimbilia.