Kishikwambi Kilichopinda: Kisome Kabla ya Kupanda Sumbawanga

Mtu wa Milepa akiona kishikwambi chake kimepinda, huwaza nauli kabla ya kuwaza kitu kingine. Milepa iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Mafundi wenye vifaa na maduka makubwa wako juu, Sumbawanga. Mawakala wa kampuni na ofisi za kupokea malalamiko ziko mbali zaidi, Mbeya na Dar es Salaam. Katikati umesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Uso wa ziwa uko kwenye kimo cha karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga unapita mita 1,700. Mtu apande ukuta wote huo, alale mjini, kisha afike kaunta aulizwe: "Ulikikalia?" Asipokuwa na jibu la kueleweka, safari imeishia hapo.

Jibu lipo, na limeandikwa kwenye kifaa chenyewe. Mahali mkunjo ulipoanzia, upande ulioelekea na mwanya ulioachwa hutofautisha kifaa kilichobanwa kwenye begi la bodaboda, kilichotoka kiwandani kikiwa hakijanyooka, na kilichoinuliwa kutoka ndani na betri inayovimba. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kuwajibika.

Tuanze na sababu ya vifaa hivi kupinda kwa urahisi. Fundi paa yeyote anajua kwamba mbao ya mbili kwa nne huwekwa kwa ubavu, haiwekwi kwa kulala. Ikiwekwa kwa ubavu huwa ngumu kupinda mara 4 kuliko ikilazwa, ingawa mbao ni ileile. Sababu ni kwamba ukinzani wa kitu dhidi ya kupinda hufuata unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Punguza unene kwa nusu, na ukinzani hubaki sehemu moja ya nane. iPad ya kwanza, ya mwaka 2010, ilikuwa na unene wa milimita 13.4; iPad Pro iliyotoka mwishoni mwa 2018 ilikuwa na milimita 5.9. Kwa hesabu ya unene peke yake, ile ya zamani ingekuwa ngumu kupinda karibu mara 12. Wabunifu hufidia kwa aloi bora na kwa mbavu za ndani, lakini hesabu hiyo haifutiki. Kila milimita inayopunguzwa ili kifaa kipendeze dukani, mnunuzi ndiye anayeilipia barabarani.

Kisha kuna matundu. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Ernst Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu la duara hufikia mara 3 ya ule ulioenea kwenye bamba zima. Fremu ya kishikwambi imejaa matundu: ya maikrofoni, ya chaji, ya laini, ya vitufe. Novemba 2018, Mmarekani Zack Nelson, anayejulikana kwa video za kuvunja vifaa ili kuvipima, aliikunja iPad Pro mpya kwa mikono, nayo ikapasuka katikati, palepale penye tundu la maikrofoni. Kwa hiyo ukiona mkunjo mkali unaopita kwenye tundu au kwenye mfereji wa kitufe, na hasa rangi ikiwa imechubuka hapo, kuna nguvu iliyotoka nje. Anayepeleka kifaa cha namna hiyo akidai kasoro ya kiwanda atakuwa na kazi ngumu, na kwa haki.

Metali ina tabia mbili inapobanwa. Mwanzoni hurudi ilipotoka. Robert Hooke alilieleza hilo mwaka 1678, kwamba mnyumbuko hulingana na kani. Ukizidi mpaka fulani, hairudi tena. Ndani yake tabaka za atomi zimeteleza juu ya nyingine kupitia kasoro ndogo za mpangilio, jambo ambalo wanasayansi watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, walilieleza mwaka uleule wa 1934, kila mmoja kivyake. Aluminiamu tupu huteleza upesi. Ikichanganywa na zinki na metali nyingine, atomi ngeni huzuia utelezi huo, na mpaka unasogea mbali. Ndiyo maana simu ya iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipewa aloi ya kundi la 7000, baada ya ile ya mwaka uliotangulia kulalamikiwa dunia nzima kwa kupinda mifukoni.

Ujuzi wa kuifanya metali iwe ngumu kiasi kinachotakiwa una historia ndefu Ufipa. Wafipa walijenga malungu, matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivuo, na chuma kilichotoka humo kikasafishwa tena katika tanuru dogo kabla ya kufikia nyundo ya mhunzi. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ametumia miaka mingi kuichunguza kazi hiyo. Kilichonivutia mimi ni hatua ile ya pili: mhunzi hakukubali chuma kwa kuwa tu kimetoka tanuruni. Kilipitishwa motoni upya mpaka kifae jembe. Mnunuzi wa leo naye ana haki ya kutaka ubora wa kiwango hicho kwa bidhaa anayoilipia.

Haki hiyo ilipata mtihani mkubwa Desemba 2018. Wateja walifungua maboksi ya iPad Pro wakakuta nyingine zimejikunja kidogo. Apple iliueleza mtandao wa habari wa The Verge kwamba hiyo si kasoro; metali na plastiki vilipopoa wakati wa kutengenezwa vilisababisha hali hiyo, na haitazidi kwa kutumia. Kisayansi maelezo hayo yana msingi. Matoleo yanayotumia laini ya simu huwa na mistari ya plastiki ya kupitisha mawimbi, na plastiki humiminwa ikiwa ya moto kwenye mifereji ya aluminiamu. Plastiki ikipoa husinyaa kuliko aluminiamu, na mvutano huo unaweza kuivuta fremu. Lakini kueleza chanzo cha tatizo si kulimaliza, na wateja hawakuridhika. Januari 2019 kampuni ikatoa kipimo hadharani: kifaa hakitakiwi kuachana na unyoofu kwa zaidi ya mikromita 400, yaani milimita 0.4, karibu unene wa karatasi nne.

Kwangu mimi, hiyo namba ndiyo jambo bora lililotokana na mzozo ule. Kabla yake mteja alikuwa na macho yake na muuzaji ana yake. Sasa kuna kipimo, na kinaweza kutumika hata Milepa.

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kwa kuwa meza za mbao huwa zimepinda zenyewe. Futa vumbi, vua kava, laza kishikwambi kifudifudi, usikibonyeze. Jaribu kupenyeza karatasi moja kwenye mwanya, kisha mbili, mpaka zigome. Rudia kila upande, halafu kilaze chali, ukikumbuka kwamba kamera iliyochomoza itakiinua upande mmoja, hivyo isogeze nje ya ukingo wa kioo. Piga picha karatasi zikiwa ndani ya mwanya, na kwenye picha ionekane namba ya utambulisho wa kifaa. Kama kinacheza kwa kuegemea pembe mbili zinazokabiliana, kimejisokota. Karatasi tano au sita zikipita kwenye kifaa kilichotoka boksini leo, una hoja. Namba ya 0.4 ni ya kampuni moja kwa bidhaa zake na haizifungi nyingine, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo, maana muuzaji atalazimika kusema kipimo cha kampuni yake ni kipi.

Fanya hivyo siku ya kununua, dukani, mbele ya muuzaji. Kasoro iliyokutwa siku ya kwanza ni rahisi kuitetea. Iliyokutwa baada ya mwezi ina mashaka yake, na kwa mtu anayeishi chini ya Lyamba kurudi ni gharama.

Sasa betri, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Kishikwambi kikivimba katikati, mgongo ukawa na tumbo au kioo kikaanza kuachana na fremu pembeni, hakijapinda kwa kubanwa. Ndani ya kifuko cha betri ya lithiamu, kimiminika chake kimeanza kuoza na kutoa gesi, zikiwemo kabonidayoksaidi na nyingine zinazowaka. Joto huharakisha uozo huo, na kuiacha betri imejaa asilimia mia kwenye joto huuharakisha zaidi. Bondeni, ambako joto la mchana ni kali kuliko la Sumbawanga, kishikwambi kinachoachwa dirishani kikichajiwa kutwa kinazeeka haraka. Kikionyesha dalili hizo kizime, chomoa chaji, usikibonyeze kirudi, usitoboe, na usikubali mtu akinyooshe. Kikinyooshwa kwa nguvu betri ikiwa ndani, tabaka zake zinaweza kugusana na kuwaka.

Wapanda ukuta wanapaswa kujua kitu kimoja zaidi. Shinikizo la hewa Sumbawanga ni dogo kuliko la bondeni, na gesi iliyofungwa kwenye kifuko laini hutanuka inapopandishwa. Ukiondoa athari ya baridi ya juu, ujazo wake unaweza kuongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi, kama ina nafasi. Betri iliyotulia Milepa inaweza kuonekana imevimba zaidi stendi ya Sumbawanga. Kishikwambi cha namna hiyo kisafirishwe kimezimwa, kikiwa peke yake na bila mizigo juu yake. Na kabla ya kuondoka soma kijitabu cha waranti, maana baadhi ya kampuni huipa betri muda mfupi kuliko kifaa chenyewe.

Waranti inaishi kwenye risiti. Risiti ya mashine ya EFD haina wino. Karatasi yake ina kemikali inayobadilika rangi ikipashwa joto na kichwa cha printa. Kwa hiyo joto na mwanga humalizia kazi ambayo printa iliianza: karatasi hugeuka nyeusi au maandishi hufifia. Risiti iliyokaa miezi kumi kwenye kava la simu inaweza kufika dukani ikiwa tupu. Itoe fotokopi siku hiyohiyo na uipige picha. Hakikisha pia namba ya IMEI, kwa kifaa chenye laini, ni ile iliyo kwenye boksi: bonyeza *#06# uione, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, huduma iliyokuja na kampeni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoishia kuzima simu bandia Juni 2016. Kifaa bandia hakina wakala wa kukidai.

Usikifungue, wala usimpe fundi wa mtaani akifungue kabla wakala hajakiona. Simdharau fundi, wapo wanaojua kazi kuliko wa kaunta. Lakini fremu iliyonyooshwa hupoteza ushahidi, na aluminiamu iliyokunjwa ikarudishwa inaweza kuwa na nyufa ndogo palepale ilipokunjwa.

Muuzaji akikataa, karatasi ya waranti si sheria pekee. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima juu ya masharti yanayomlinda mlaji na wajibu wa mzalishaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Ina ofisi ya kanda Mbeya. Anza kwa barua kwa muuzaji, yenye tarehe, picha za karatasi kwenye mwanya na nakala ya risiti, na udai jibu la maandishi. Malalamiko ya mdomo hayana mahali pa kufuatiliwa.

Walimu wako kwenye hali nyingine. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo, pamoja na vingine, hadi shule za vijijini kama za bonde hili. Hivyo ni mali ya umma. Mwalimu hakuvinunua, hana risiti, na mkataba wa waranti uko kati ya Serikali na aliyeviuza. Kikipinda, kazi ya mwalimu ni kumwandikia mkuu wa shule mara moja, aeleze umbo la mkunjo na tarehe, ili taarifa iende halmashauri na jina lake lisibaki limefungwa kwenye uharibifu asioufanya. Akivumilia kimya, siku ya ukaguzi hatakuwa na namna ya kuonyesha kwamba betri ndiyo iliyoinua kioo.

Na zabuni ijayo ya vishikwambi vya umma inaweza kurahisisha haya yote kwa mistari michache. Iandikwe kwamba kila kifaa kisiachane na unyoofu zaidi ya milimita fulani kinapopokelewa, kwamba fremu ihimili mzigo uliotajwa kwa kilo, na kwamba huduma ya waranti ipatikane ndani ya mkoa kifaa kinapotumika. Wanaopokea mzigo bandarini wapewe kioo na rula ya chuma, wachukue sampuli kwenye kila shehena, wapime.