Meno ya juu yaliyochomoza: waya, pleti au kungoja?

Wazazi wanaokuja kliniki hapa Mai Mahiu huuliza kama mtoto ambaye meno yake ya juu yamechomoza atiwe waya au angojee. Wengine wamekwisha kushauriwa na majirani kwamba meno mawili ya mbele yang'olewe, yaishe maneno. Hilo lisifanywe.

Kwanza ijulikane kilichoyachomoza. Mtoto aliyenyonya kidole gumba kwa miaka mingi huwa na meno yaliyoinama mbele tu, na taya zake hazina neno. Mwingine ni taya la chini lililobaki nyuma. Wakicheka wanafanana, lakini dawa yao si moja.

Wa kwanza, akiwa na nafasi kati ya meno, huenda akatosheka na pleti ya plastiki yenye waya, ambayo huivaa na kuivua mwenyewe. Pleti huinamisha jino tu, haivuti mzizi, na ikikaa mfukoni haifanyi kazi. Waya zinazogandishwa kwenye meno huvuta jino pamoja na mzizi wake, kwa miaka miwili hivi. Nafasi isipokuwapo, daktari mara nyingi hung'oa magego madogo mawili ya juu, moja kila upande.

Mwenye taya fupi la chini hupewa kifaa kinachomlazimu kuuma akiwa amelitoa taya mbele. Hufaa anapobalehe, mwili ukikua kwa kasi. Mtu mzima hakui tena. Kasoro yake ikiwa kubwa, hubaki upasuaji.

Je, ni heri kuanza akiwa na miaka 8? Uchunguzi uliolinganisha walioanza utotoni na walioanza wakibalehe umeonyesha kwamba mwishowe meno hukaa karibu sawa. Tofauti ni kuwa walioanza mapema huvunjika meno ya mbele kwa uchache. Kwa mtoto wa kuangukaanguka, mimi singeidharau faida hiyo.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna shida ya ziada. Maji ya visima vingi vya Naivasha na Nakuru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana meno yetu ni ya kahawia. Gundi ya waya haishiki vyema kwenye jino lililodhurika sana, na vibandiko hubanduka. Daktari aulizwe mapema atafanyaje.

Kuna pia wanaofunga meno ya mbele kwa mpira nyumbani. Mpira huteleza chini ya ufizi, ukala mfupa unaoshika mzizi, na meno mazima yakang'oka.

Waya zikitolewa, meno hutaka kurudi yalikotoka, kwa hiyo kuna kifaa cha kuyashika, mara nyingi cha kuvaliwa usiku kwa miaka. Kabla ya kulipa, uliza kama bei uliyotajiwa inahesabu na hicho.