Acheni Kuhesabu Miche

Kila vuli inapokaribia, vikundi vya mitaa ya Makadara, Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Buruburu, huuliza swali lile lile: tutapata wapi miche elfu moja ya bure? Kupata miche ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. La kuulizwa ni nani atabeba maji mwezi wa Januari.

Nyuma ya swali hilo kuna imani sugu kwamba ukipanda mingi, hata nusu ikifa, nusu itabaki. Imani hii huchukulia kifo cha mche kama bahati nasibu. Sivyo. Miche iliyopandwa siku moja kwenye uwanja mmoja hukutana na adui mmoja. Udongo mweusi wa Eastlands hutuamisha maji msimu wa mvua hadi mizizi ikaoza, kisha kiangazi hupasuka na kuikata. Mbuzi aliyekula mche wa kwanza hana sababu ya kuuruka wa pili. Na hesabu ya maji haina huruma: kwa lita 10 kila wiki, miche 1,000 inataka lita 10,000, yaani mitungi 500 ya lita 20, katika mitaa ambako mifereji hukauka na watu hununua maji. Kikundi kitanyunyiza kidogo kila mahali na kuua yote. Miche 40 inataka mitungi 20. Hiyo inabebeka.

Mtasema serikali yenyewe inahesabu mabilioni ya miti, 15 kufikia 2032. Hilo ni lengo la nchi nzima, misitu ikiwemo; si kipimo cha uwanja wa mtaa wa Jericho. Afadhali mtazame jirani: kati ya miti saba iliyopandwa na mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake Kamukunji, Juni 5, 1977, iliishi miwili tu. Vuguvugu lake la Green Belt likaja kuwalipa wanawake kwa mche uliopona. Na wanaohofia kwamba miche michache haivuti umati, waupe umati kazi ya mashimo na uzio. Picha zitapendeza vile vile.

Basi: ruhusa ya mwenye ardhi kwanza, kwa maandishi. Mashimo mapana, samadi, tuta dogo udongo unapotuamisha maji. Uvueni mche mfuko wa plastiki, jamani. Kila mche na nyumba inayouwajibikia. Kifabakazi penye nafasi, mparachichi uani, chochote kirefu mbali na nyaya za umeme, na mkuyu msiusogeze karibu na mabomba ya majitaka.