Ukubwa wa Diski na Nafasi ya Lugha: Uteuzi wa Taswira ya Mfumo Hai kwa Kompyuta za Butembo na Beni

1. Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua ukubwa ufaao wa taswira ya diski ya mfumo hai, kwa kuzingatia mazingira ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini. Mfumo hai ni mfumo endeshi unaofanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye diski au flashi, bila kusimikwa ndani ya kompyuta. Taswira ni faili moja lenye nakala kamili ya diski hiyo. Aghalabu suala hili huachiwa mafundi. Hata hivyo, linagusa lugha pia.

2. Chimbuko la vipimo

Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix mwaka 2000. Diski ya CD ilichukua megabaiti 650 au 700 tu, lakini kwa kufinyaza mafaili, programu za takriban gigabaiti 2 ziliweza kuingia humo. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004, ilishika mpaka wa megabaiti 700 hadi mwaka 2012, ilipouacha. Damn Small Linux, kwa upande wake, ilijibana katika megabaiti 50. Ilipofufuliwa mwaka 2024, mpaka wake mpya ukawa megabaiti 700. Ni dhahiri kwamba programu zenyewe zimenenepa.

3. Kinachoachwa nje

Nafasi inapokuwa finyu, lazima kitu kiachwe. CD za Ubuntu zilibeba vifurushi vya lugha chache tu. Vilivyobaki vilipaswa kuchukuliwa kwenye intaneti. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini kwa mwanafunzi wa Kipese asiye na intaneti, tafsiri isiyokuwamo katika diski ni sawa na tafsiri isiyokuwapo. Isitoshe, msomaji wa Kongo amefunzwa kwa Kifaransa na huandika kwa kibodi ya Kifaransa. Kwa hiyo taswira imfaayo ni ile yenye Kifaransa na Kiswahili pamoja.

4. Vigezo vya uteuzi

Kigezo cha kwanza ni njia ya kuipata. Kwa mtandao wa kilobiti 256 kwa sekunde, megabaiti 50 huhitaji dakika 26 hivi. Megabaiti 700 huhitaji saa 6. Na DVD nzima ya gigabaiti 4.7 huhitaji zaidi ya saa 40. Butembo ni mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta. Mahali kama hapo, saa 40 ni gharama ya mafuta pia.

Cha pili ni chombo. Taswira ikizidi diski hata kidogo, haitaandikika. Aidha, flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama nafasi ingali tele.

Cha tatu ni kompyuta yenyewe. Baadhi ya mifumo hai hupakiwa yote katika kumbukumbu. Hapo kumbukumbu lazima iizidi taswira. Kompyuta kongwe za biti 32 nazo hazifai kwa taswira nyingi za sasa: Ubuntu iliacha kuzitolea taswira za mezani mwaka 2017.

5. Hitimisho

Taswira ndogo kabisa yafaa kuokoa mafaili au kufufua mashine kongwe, lakini haitoshi kwa masomo. Kubwa kabisa hubeba lugha nyingi, ila haifiki kwa urahisi. Kwa mtu mmoja mwenye mtandao hafifu, taswira iliyo karibu na megabaiti 700 ndiyo ya wastani, mradi achunguze kwanza lugha zilizomo. Kwa taasisi, kwa mfano Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, lililo bora ni kuchukua taswira kubwa mara moja, kuihakiki kwa jumla-hakiki yake, kisha kuisambaza kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Hivyo gharama hulipwa mara moja, na Kiswahili hakiachwi nje kwa kukosa nafasi.