Lakabu za Mabeki wa Gor Mahia

Katika mitaa ya Kaloleni na Makongeni, jirani na Industrial Area, mjadala kuhusu beki bora katika historia ya Gor Mahia huendeshwa kwa lakabu. Wapo wamtukuzao Bobby Ogolla, "Six Million Dollar Man", jina la mhusika wa televisheni ya Marekani aliyeundwa upya kwa mitambo. Hiyo ni chuku. Wengine humtaja Austin Oduor, "Makamu", ambaye (kinaya kilioje!) ndiye aliyekuwa nahodha walipotwaa Kombe la Washindi Barani Afrika mwaka 1987. Walitoka sare na Espérance, 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi, wakashinda kwa mabao ya ugenini. Mimi namchagua Makamu: siku ile Nairobi, bao moja zaidi la Watunisia lingewapokonya kombe.