Fahamu: SSD ni nini, na inaifaaje laptop ya zamani?

SSD ni kifaa cha kuhifadhia data kisicho na kitu kinachozunguka. Huchukua nafasi ya diski ya zamani, HDD, ambayo sahani zake, katika laptop nyingi, huzunguka mara 5,400 kwa dakika huku kichwa chembamba kikielea juu yake.

Kwa nini ni muhimu wilayani Same

Anayeshuka na laptop kutoka Suji au Mamba hupita barabara za milima ya Upare zenye kona na mitikisiko. Laptop ikisahaulika ndani ya begi ikiwa inawaka, kichwa hicho kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza, na data ikapotea. SSD haina hatari hiyo.

Kasi

HDD husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD inayotumia kiunganishi cha SATA hufikia MB 550. Kwa laptop ya mtumba yenye HDD, kuweka SSD ni miongoni mwa maboresho yenye faida kubwa zaidi.

Kabla ya kununua

Mwombe fundi afungue mfuniko aone nafasi ya SSD iliyopo ni ya aina gani: SATA ya inchi 2.5 au M.2. SSD haiongezi RAM, wala haiifanyi laptop ikubali Windows 11. Nakili data zako kwanza.