Walioacha nyumba wakahamia ndani ya gari

MPANGAJI wa Nairobi anaujua vyema uzito wa tarehe tano. Ndiyo siku ambayo mwenye nyumba, au ajenti wake, hupita akigonga milango. Hata hivyo, ni wachache waliowahi kuketi wakafikiria kwamba wangeweza kuacha kabisa kulipa kodi, si kwa kurudi mashambani wala kwa kujenga, bali kwa kuhamia ndani ya gari.

Huko Marekani watu wa namna hiyo si wachache. Mtu hununua gari la ukubwa wa matatu ya abiria 14, aking'oa viti au kusafisha mahali palipokuwa pa mizigo, akapigilia mbao, akaweka kitanda, jiko la gesi na mitungi ya maji, na hapo amehamia. Haendi likizo. Anaishi humo mwaka mzima, leo jimbo hili, mwezi ujao jimbo jingine. Kule Australia na New Zealand vijana wengi hutumia Toyota HiAce, gari lile lile ambalo sisi twalijua kwa makanga na muziki wa juu.

Anayejulikana zaidi katika mambo haya ni Bob Wells. Mwaka 1995 alikuwa mfanyakazi wa duka la vyakula mjini Anchorage, katika jimbo la baridi kali la Alaska. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na baada ya kumpelekea aliyekuwa mke wake pesa za matumizi, mshahara uliosalia haukutosha kodi. Basi akanunua gari kuukuu la mizigo kwa dola 1,500 na kutupa godoro sakafuni. Amesimulia mwenyewe kwamba mwanzoni alikuwa akilia hadi usingizi unamchukua.

Machozi yalikauka. Bila kodi, Wells aligundua kwamba mwisho wa mwezi alibaki na kitu mfukoni. Mwaka 2005 alianza kuwafundisha wengine kupitia tovuti yake, na 2011 akaitisha mkutano katika jangwa la Quartzsite, jimbo la Arizona. Mara ya kwanza walikuja watu makumi kadhaa. Haikupita miaka kumi kabla ya maelfu kuanza kumiminika kila Januari.

Yanayofundishwa huko si mambo ya kifahari. Somo moja muhimu ni choo. Wengi hutumia ndoo yenye kifuniko cha kukaza, au choo kidogo chenye tangi la kuchomoa na kumwaga panaporuhusiwa. Kuoga ni kwa beseni na kitambaa, au mtu hulipia uanachama wa ukumbi wa mazoezi ya mwili, si kwa ajili ya kuinua vyuma bali bafu la maji moto! Umeme hutoka kwa paneli ya sola juu ya paa, ikijaza betri chini ya kitanda. Baridi ndiyo adui mkubwa. Mtu akiwasha jiko ndani na kufunga madirisha yote, hewa ya kaboni monoksidi yaweza kumuua usingizini, jambo ambalo sisi tunaowasha makaa ndani ya nyumba msimu wa Julai hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mwaka huo huo wa 2011, kijana kwa jina Foster Huntington aliacha kazi yake ya ubunifu wa mitindo jijini New York, akanunua gari la Volkswagen la 1987 na kuanza kusafiri akipiga picha. Picha hizo zilienea, na vijana wengi wakamfuata. Humo utaona mlango wa nyuma ukiwa wazi, bahari mbele, kikombe cha kahawa mkononi. Ndoo haionekani.

Na bado ni 2011. Katika jimbo la Nevada, kiwanda cha jasi kilichokuwa uti wa mgongo wa mji mdogo wa Empire kilifungwa. Nyumba zilikuwa mali ya kampuni, kwa hivyo kazi ilipokwisha, nyumba nazo zikaenda. Hata namba ya posta ya mji huo ilifutwa. Ndipo mahali ambapo filamu ya Nomadland ya 2020, iliyoshinda tuzo kuu ya Oscar mwaka 2021, inapoanzia. Ilitokana na kitabu cha mwanahabari Jessica Bruder cha 2017, ambaye naye aliishi ndani ya gari akiwafuata watu hawa.

Aliowakuta Bruder si vijana wa kahawa na bahari. Wengi walikuwa wazee, miaka 60 na zaidi, waliopoteza nyumba au akiba katika msukosuko wa uchumi wa 2008. Pensheni ya baadhi yao haikutosha kodi ya chumba. Kwa hivyo waliyafuata magurudumu kwenda penye vibarua: kuvuna viazisukari huko North Dakota na Minnesota mwezi Oktoba, kupanga bidhaa katika maghala ya Amazon kuelekea Krismasi, na kuosha vyoo vya kambi za watalii milimani wakati wa kiangazi. Nyanya wa miaka 64 akishika zamu ya usiku ghalani! Kwetu tungeuliza wako wapi watoto wake. Bruder aliwakuta watoto hao nao wakihangaikia kodi.

Sheria nayo haiwapi usingizi. Kila alalaye garini mjini huogopa kubishiwa dirisha na polisi saa nane za usiku. Mwaka 2014 mahakama ilitupilia mbali sheria ya jiji la Los Angeles iliyokataza watu kuishi ndani ya magari, lakini 2017 jiji likaleta nyingine ya kuwazuia kulala katika mitaa ya makazi usiku. Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba miji yaweza kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma.

Aidha, asiye na nyumba hana anwani, na bila anwani hakuna leseni ya udereva wala bima. Hapo jimbo la South Dakota limekuwa mwokozi. Msafiri hulala huko usiku mmoja, hotelini au kambini, akachukua risiti, akakodisha anwani kwa kampuni ya kupokea barua, na tayari ni mkazi.

Sisi tuna nyumba mjini na nyumbani mashambani, na twajua hayo ni maneno mawili. Wenzetu hawa wamepoteza la kwanza, na la pili wanalitafuta Quartzsite. Kwa miaka mingi, dola 180, kama Sh23,000 hivi, zilimruhusu mtu kuegesha katika ardhi ya serikali huko tangu Septemba 15 hadi Aprili 15. Majirani hupika pamoja na kuchungiana magari. Kisha joto la jangwa hupanda, viti vya kukunja huingizwa ndani, na msafara huelekea kaskazini.